Kumtafuta Mshirika wa Biashara kwa Akili Unde: Mfano wa Asali ya Tabora

Iambie zana ya utafutaji yenye akili unde, "Sisi ni ushirika wa wafugaji nyuki wa Sikonge, tunauza asali kwa mapipa, tutafutie washirika," na sehemu kubwa ya majibu itakuwa wafugaji nyuki wengine: wa Singida, wa Katavi, wa Zambia, wa Ethiopia. Zana haijakosea. Utafutaji wa aina hii hugeuza maandishi kuwa safu ndefu ya namba, yaani vekta, kisha huleta maandishi ambayo vekta zake ziko karibu na ya kwako. Aliye karibu nawe kuliko wote ni mshindani wako. Mshirika unayemtaka amepungukiwa na kile ulichonacho, na tovuti yake haitaji mizinga wala misitu ya miombo. Inataja chupa, lebo, maabara na maduka makubwa.

Kwa hiyo kazi nzima inahusu mambo mawili: kuipa mashine maneno ya huyo mwenzako badala ya maneno yako, na kuhakiki kwa mkono kila inacholeta. Tunatumia mfano wa asali ya Tabora inayotafuta mnunuzi Ujerumani na Oman. Mwenye ufuta, parachichi au karafuu atafuata hatua hizi hizi kwa namba zake.

Namba kwanza, kabla ya kufungua zana yoyote

Chukua karatasi moja uandike yasiyo na mjadala. Msimbo wa forodha wa asali ni 0409.00. Andika tani unazovuna kwa msimu, na tani unazoweza kupakia kwa mara moja. Kontena la futi 20 hubeba takriban tani 20 za asali kwenye mapipa ya karibu kilo 300 kila moja. Mnunuzi anayetaka makontena matatu kwa mwaka hawezi kuwa wako kama una tani sita, hata mkipendana vipi.

Ongeza matokeo ya maabara. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka unyevu usizidi asilimia 20, na wanunuzi wengi huweka masharti makali zaidi kwa sababu asali yenye maji mengi huchachuka ndani ya pipa. HMF, kipimo kinachoonyesha kama asali ilipashwa moto kupita kiasi au imekaa muda mrefu, isizidi miligramu 40 kwa kilo. Asali iliyotangazwa kuwa ya ukanda wa tropiki huruhusiwa hadi 80. Andika pia kama una majibu ya vipimo vya mabaki ya dawa, cheti cha kilimo hai kama kipo, na masharti ya kukabidhi mzigo. Kwa mzigo wa kontena, FCA (jukumu lako huisha ukimkabidhi msafirishaji mzigo mahali mlipokubaliana) hukufaa kuliko FOB (jukumu ni lako hadi mzigo upande melini). Kontena linaachwa yadi siku kadhaa kabla halijapandishwa melini, na chini ya FOB hasara yoyote ya siku hizo ni yako.

Mwisho andika usichonacho: "Hatuna cheti cha kilimo hai. Hatufungashi chupa." Mstari huu utaokoa muda mwingi kuliko mengine yote.

Kwa nini namba zikae peke yake? Kwa sababu utafutaji wa maana ni dhaifu kwenye namba na kwenye kukanusha. Kwake "tani 2" na "tani 20" ni karibu kitu kimoja. "Tunanunua asali ya kilimo hai tu" na "hatununui asali ya kilimo hai" zina maneno yaleyale na mada ileile, hivyo vekta zake hukaa jirani. Mambo ya kiasi, tarehe, vyeti na ndiyo-au-hapana yanachujwa kwenye safu za jedwali. Maana huachiwa kazi ya kutambua ni biashara ya aina gani.

Wasifu wa mshirika, kwa sauti yake mwenyewe

Sasa andika aya moja ya maneno 80 hadi 150 kana kwamba mshirika ndiye anayejieleza kwenye tovuti yake. Kwa Ujerumani inaweza kuwa hivi:

"Sisi ni kampuni ya kufungasha asali. Tunaagiza asali ghafi kwa mapipa kutoka Afrika na Amerika ya Kusini, tunaipima maabara, tunaichuja na kuijaza kwenye chupa za gramu 500 kwa ajili ya maduka makubwa na kwa lebo za wateja wetu. Tunapenda asali nyeusi ya msituni yenye ladha kali. Kila shehena lazima ifuatilike hadi kwa mfugaji. Tunanunua kuanzia kontena moja na tunafanya kazi na vikundi vya wazalishaji moja kwa moja."

Aya hii haina mizinga wala ushirika, na ndiyo itakayomvuta mfungashaji badala ya mfugaji.

Usiandike wasifu mmoja tu. Asali hiyo hiyo ina angalau wanunuzi wa aina tatu, na kila mmoja ana msamiati wake. Wa kwanza ni mfungashaji tuliyemwona. Wa pili ni muagizaji wa jumla asiye na kiwanda, anayenunua na kuwauzia wafungashaji. Tovuti yake husema maghala, bima, bei ya kontena. Wa tatu husahaulika mara nyingi: kiwanda kinachotumia asali kama kiungo, yaani mikate, biskuti, vipodozi, vinywaji. Huyu hulipa kidogo kwa kilo, lakini kwa matumizi ya kuokea anaweza kupokea asali ambayo mfungashaji wa chupa angeikataa. Ukiwachanganya wote watatu katika aya moja utapata vekta ya katikati isiyokaribiana na yeyote.

Wasifu wa Maskati uandike kivyake kabisa. Fikiria mwenye duka la asali anayenunua ndoo kadhaa kwa mwezi, anauza kwa chupa ndogo na kwa zawadi, na anajali rangi, harufu na jina la mahali asali inapotoka. Huko utafute kwa Kiarabu na kwa Kiswahili pia, maana Waomani wenye asili ya Zanzibar na mwambao wapo kwenye biashara na wengi bado wanazungumza lugha hii. Barua ya kwanza ya Kiswahili kwa mtu wa namna hiyo hufungua mlango ambao Kiingereza cha biashara hakiufungui.

Kuuliza vizuri

Tumia zana inayotafuta mtandaoni papo hapo na kuonyesha viungo vya kurasa ilikochukua habari. Ile inayojibu kutoka kumbukumbu zake peke yake haifai kwa kazi hii. Itakupa majina yanayosikika kama kampuni za kweli na barua pepe zilizobuniwa kwa kuunganisha "info@" na jina.

Ombi lifanane na hili:

"Tafuta kampuni za Ujerumani zinazolingana na wasifu ufuatao [bandika wasifu]. Tafuta kwa Kijerumani. Usilete wafugaji nyuki wala maduka ya rejareja. Leta zisizozidi 10. Kwa kila moja nipe: jina kamili la kisheria, mji, anwani ya tovuti, sentensi moja iliyonukuliwa neno kwa neno kutoka tovuti yake inayoonyesha kwamba inaagiza asali kwa mapipa, na kiungo cha ukurasa wenye sentensi hiyo. Kama hukupata sentensi hiyo, andika 'haijulikani'. Usikisie."

Kila kipande kina sababu. Kikomo cha 10 kipo kwa sababu ukiomba 50, zana ikishamaliza kampuni nzuri 12 itajaza nafasi kwa zisizofaa. Ni bora kuuliza mara tano, kila mara kwa aina tofauti ya mnunuzi au eneo tofauti. Nukuu ya neno kwa neno ipo kwa sababu unaweza kuifungua na kuiona kwa macho yako, muhtasari hauhakikiki. Na ruhusa ya kuandika "haijulikani" hupunguza sana kubuni, kwa kuwa bila ruhusa hiyo mashine huona kila safu lazima ijazwe.

Kutafuta kwa lugha ya mnunuzi hubadilisha matokeo kuliko jambo lolote lingine katika hatua hii. Kampuni ya ukubwa wa kati ya Ujerumani inaweza kuwa na ukurasa mmoja tu wa Kiingereza, wenye sentensi tatu. Maneno ya kutumia ni "Honigimport", "Honigabfüllung" kwa wanaojaza chupa, na "Waldhonig" kwa asali ya msituni. "Imkerei" ni mfugaji, hilo ndilo la kuondoa. Angalia lakini: "Waldhonig" kwa Wajerumani ni asali inayotokana na utomvu wa wadudu kwenye miti, wala si ya maua ya msituni. Tumia neno hilo kutafuta kampuni zinazopenda asali nyeusi, lakini usiliweke kwenye ofa yako kuiita asali ya miombo. Kosa hilo hutokea pale zana inapokutafsiria ofa na hakuna mwenye ujuzi aliyeipitia.

Kuna vyanzo ambavyo zana hizi hazivifikii zenyewe. Orodha za waonyeshaji wa maonyesho makubwa ya chakula, kama Anuga ya Köln, SIAL ya Paris, BIOFACH ya Nürnberg na Gulfood ya Dubai, huwekwa kwenye kurasa zinazojipakia kadiri unavyoshuka au kuchuja, na roboti ya utafutaji huona ganda tupu. Ingia mwenyewe, chuja kwa asali, nakili matokeo, ubandike kwenye zana na uiambie iyalinganishe na wasifu. Kwa wenye cheti cha kilimo hai kuna hazina nzuri zaidi: mfumo wa TRACES wa Umoja wa Ulaya huonyesha hadharani vyeti vya kampuni za kilimo hai, ukiwemo mstari unaosema kampuni inafanya nini, kuagiza, kutayarisha au kuhifadhi. Orodha ya namna hiyo haina matangazo ndani yake.

Jambo moja la wakati huu kwa wauza asali: agizo la Umoja wa Ulaya namba 2024/1438 linawataka wafungashaji waandike kwenye lebo nchi zote ambako asali ya mchanganyiko imetoka, na limewekwa kuanza kutumika 14 Juni 2026. Zamani ilitosha kuandika "mchanganyiko wa asali kutoka ndani na nje ya Umoja wa Ulaya". Mfungashaji anayelazimika kutaja nchi ana sababu ya kutafuta asali yenye asili inayoelezeka. Ongeza sentensi ya kusema hivyo kwenye wasifu wake.

Kuhakiki: hapa ndipo watu huchoka mapema

Jaza jedwali lenye safu hizi: jina la kisheria, nchi, aina ya mnunuzi, nukuu, kiungo, kiasi cha chini cha oda, cheti kinachotakiwa, namba ya usajili, tarehe ya kuhakiki, hali. Kati ya majina 10 yaliyoletwa, yakibaki matatu au manne baada ya uhakiki umefanya kazi nzuri.

Kwa Ujerumani anza na ukurasa unaoitwa "Impressum". Sheria inailazimisha tovuti ya biashara kuwa nao, na kwa kawaida uko chini kabisa. Utakuta jina la kisheria, anwani, mkurugenzi, mahakama ya usajili pamoja na namba inayoanza na HRB kwa kampuni za hisa, na namba ya kodi ya ongezeko la thamani iliyoandikwa "USt-IdNr.", yaani DE ikifuatiwa na tarakimu tisa. Ipeleke HRB kwenye handelsregister.de, rejista ya kampuni za Ujerumani, ambako tangu 1 Agosti 2022 nyaraka hufunguliwa bila malipo. Ipeleke namba ya kodi kwenye VIES, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kuhakiki namba hizo. Kwa Ujerumani VIES itakujibu tu kwamba namba ni halali au si halali, haitakuonyesha jina; kwa hiyo jibu la "halali" halithibitishi kwamba namba ni ya huyo unayeandikiana naye. Ndiyo maana unahitaji vyote viwili.

Uingereza ilitoka VIES mwaka 2021, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Huko tumia Companies House, rejista ya kampuni, bure, na uangalie tarehe ya kuanzishwa, hesabu zilizowasilishwa na kama kampuni iko hai. Kwa Oman omba namba ya usajili wa biashara na uihakiki kupitia wizara inayosimamia biashara. Kwa mshirika wa nyumbani, mathalani msafirishaji au mwenye ghala Dar es Salaam, ingia BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kwa Kenya, omba CR12 (hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) ya hivi karibuni inayotolewa kupitia eCitizen.

Kisha piga simu kwa namba uliyoikuta kwenye rejista au Impressum, kamwe si ile iliyo kwenye barua pepe. Matapeli hujivika jina la kampuni halali, kila namba ya usajili ni ya kweli, isipokuwa barua pepe inatofautiana kwa herufi moja au kwa mwisho wake. Akili unde haigundui hili, kwa sababu kila inachokisoma kuhusu kampuni hiyo ni kizuri. "Mnunuzi" anayekutaka ulipie kwanza ada ya kusajiliwa kama muuzaji, au gharama ya mwanasheria wa mkataba, achana naye hapo hapo.

Kumbuka mnunuzi naye atakuhakiki. Jina lililo BRELA, au kwenye cheti cha Tume ya Maendeleo ya Ushirika, lifanane herufi kwa herufi na la TIN, la akaunti ya benki na la ankara. Na kama habari zako zote ziko kwenye picha za Instagram, zana yake haitakuona. Ukurasa mmoja wa maandishi wenye namba zako za maabara, tani na mahali unatosha.

Kwa chemba za biashara na vyama vyenye wanachama wengi

Chama chenye wanachama 300 kinaweza kujitengenezea mfumo wa kuwaunganisha bila gharama kubwa. Kosa la kwanza huwa ni fomu: wanachama huulizwa "eleza biashara yako" na mfumo unalinganisha maelezo na maelezo. Matokeo yake, wasaga unga wanaunganishwa na wasaga unga. Fomu iwe na sehemu mbili tofauti, "tunatoa" na "tunahitaji", kila moja sentensi tatu hadi sita, na safu za namba kando yake.

Kisha "tunatoa" ya A hulinganishwa na "tunahitaji" ya B, na kinyume chake. Alama ya jozi, yaani namba inayoonyesha vekta zinakaribiana kiasi gani, iwe ile ndogo kati ya hizo mbili, wala si wastani. Wastani huficha jozi ambazo upande mmoja umefurahi na mwingine hauna haja.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Kwanza chuja kwa safu: mkoa au nchi, kiasi, cheti. Waliobaki watafute kwa njia mbili sambamba, ya vekta na ya maneno yenyewe. Njia ya maneno ni lazima, kwa sababu majina ya mashine, misimbo ya forodha na majina ya vyeti hupotea kwenye vekta. Unganisha orodha mbili kwa nafasi: katika kila orodha jumlisha 60 na nafasi ya jina, ugawanye 1 kwa jibu hilo, kisha ujumlishe alama za orodha zote mbili. Hamsini wa juu wapeleke kwenye modeli kubwa ya lugha isome jozi moja moja na kutoa sababu kwa sentensi mbili, kisha mtu achague watano.

Modeli ya vekta iwe ya lugha nyingi. Zile zilizofundishwa kwa Kiingereza pekee hukisoma Kiswahili vibaya. Multilingual-e5 na BGE-M3 hupatikana bure. E5 inataka kila swali lianze na neno "query:" na kila maelezo "passage:". Ukiyasahau, ubora hushuka kimyakimya bila kosa lolote kutokea kwenye skrini. Pia alama zake hujikusanya kati ya 0.7 na 1. Anayeweka kizingiti cha 0.7 akidhani ni cha juu atapitisha karibu kila mtu. Tumia nafasi, usitumie alama. E5 husoma tokeni (vipande vya maneno) 512 tu na kukata zinazozidi, hivyo maelezo marefu hupoteza mwisho wake. BGE-M3 hufika 8192. Usinunue hifadhidata maalumu ya vekta: rekodi 1000 zenye namba 1024 kila moja ni megabaiti 4 hivi, kompyuta yoyote ya ofisi inazimaliza kwa sekunde.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua jozi 20 au 30 za wanachama ambao tayari wanafanya biashara pamoja, uzifiche, uangalie ni ngapi mfumo unazileta ndani ya kumi bora. Badilisha kitu kimoja, upime tena. Bila orodha hiyo mtabishana kwa hisia tu.

Majina ya watu, simu na bei za wanachama zisibandikwe kwenye zana ya umma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya 2019, na zote zinataka mhusika ajue taarifa zake zinatumikaje. Weka kisanduku cha ridhaa kwenye fomu, na kwenye vekta ingiza maelezo ya biashara peke yake.

Barua ya kwanza

Isizidi maneno 120. Mstari wa kwanza utaje ulichokisoma kwenye tovuti yake. Ile nukuu ndiyo kazi yake sasa. Wa pili ni tani, mwezi wa kupakia, unyevu na HMF. Ambatisha majibu ya maabara, usiambatishe wasilisho la kurasa 20. Zana ikikuandikia, futa kila sifa isiyo na namba.

Usitume sampuli kabla ya kumuuliza utaratibu. Asali kwa sheria za Ulaya ni zao la asili ya mnyama, na sampuli ya kibiashara huhitaji kibali au hati upande wa anayeipokea. Kifurushi kilichotumwa kienyeji huzuiwa forodhani na mara nyingi huharibiwa.

Asipojibu, andika mara moja zaidi baada ya siku kumi. Akikataa, uliza sababu na uijaze kwenye jedwali kwa maneno yake: kiasi kidogo, unyevu, hakuna cheti, tayari ana muuzaji Zambia. Sababu mbili au tatu zinazojirudia ndizo za kurekebisha kwenye wasifu na kwenye chujio kabla ya kutafuta tena, na utafute tena kila mara majibu mapya ya maabara ya msimu yanapotoka.